Mwenye Mbwa Aliyemuua Paka wa Mama

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili mchana, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Lile jino limeacha kukusumbua, au bado unatafunia upande mmoja? Wifi yangu hajambo? Sisi huku ni wazima wa mwili. Presha ya Mama imetulia, na mimi bado niko dukani kwa dobi, nasimama na pasi kutwa nzima. Ila nakuambia mapema kwamba barua hii naiandika kwa hasira, na hasira yenyewe inakuhusu. Kaa chini uisome.

Karani amekufa. Paka wa Mama, ndiyo. Alhamisi ya wiki juzi Mama alikuwa anaanika nguo uani, Karani amelala nyuma yake, mbwa akaingia kwa mlango wa nyuma. Unajua masikio ya Mama yalivyo sasa, hata ukiangusha sufuria hageuki. Alipoinama kuchukua shuka kwenye beseni, mbwa alikwisha maliza kazi yake.

Mbwa ni Jemedari. Yule yule uliyetuambia umempa jirani yetu, fundi wa kuchomelea, ulipohama miaka mitatu iliyopita.

Shangazi mshonaji ndiye aliyenipigia simu nikiwa kazini. Nilipigwa na butwaa, nikaisahau pasi juu ya shati la watu hadi likaungua mkono. Nikakaripiwa, nikaondoka hivyo hivyo.

Usiniambie paka ni paka tu. Mama hasikii hodi. Karani ndiye aliyekuwa akisikia: ananyanyuka, anaelekea mlangoni, Mama anamwona, anamfuata. Nesi wa presha alifunguliwa hivyo, na mimi pia kila nilipousahau ufunguo. Sasa Mama amegeuza kiti, anautazama mlango tangu asubuhi mpaka nirudi. Hata chakula anakulia hapo, akihofu mtu atabisha na kwenda zake. Nikimwona natamani kulia, halafu natamani kumpiga mtu.

Nikaenda kwa fundi. Mageti ya mtaa mzima katengeneza yeye, lakini lake linafungwa kwa kipande cha waya. Kweli, mganga hajigangi. Hata miwani ya kazi hakuivua.

"Dada, mbwa na paka ni maadui tangu enzi. Utamshtaki mbwa kwa kuwa mbwa?"

Nikamwambia simshtaki mbwa, namshtaki mwenye mbwa. Mbwa hana akili ya kufunga geti, mwenyewe anayo.

Jumanne tukaitwa kwa afisa mifugo. Ni mama mmoja mtulivu, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Alisema sheria iko wazi: ukimwacha mbwa wako azurure akadhuru mnyama wa mtu, unawajibika, na habari za "ndivyo mbwa walivyo" hazikuokoi. Nikamtazama fundi kwa ushindi kabisa.

Fundi akatoa kadi ya chanjo mfukoni. Jina la mmiliki ni lako. Namba ya simu ni yako. Muhuri ni wa mwaka huu.

"Mimi namlisha tu," akasema. "Mwenyewe hunipigia kila mwaka nimpeleke chanjo, anasema mbwa ni wake, atakuja kumchukua. Nilimwomba ruhusa nimfunge mnyororo, geti langu bovu. Akakataa, eti Jemedari akifungwa ataharibika tabia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe ulimpa kwa mdomo tu! Mbwa awe wako, kazi ya kumchunga iwe ya mwingine. Na wewe ndiye uliyempeleka mtu ofisi hiyo hiyo kwa sababu kuku wake walichakura mchicha wako. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Fundi naye hakusalimika, atajibu kwa upande wake. Lakini fomu ina nafasi ya mmiliki. Afisa aliniuliza kama ningependa kwenda kufikiri kwanza, maana ni ndugu. Nikafikiri pale pale, nikaandika jina lako lote, na la baba yetu nyuma yake. Shauri litasikilizwa tarehe 25, wito utakufikia. Usinipigie kunibembeleza, sifuti kitu.

Wasalimie wifi na watoto, usiwaambie haya kwa ukali. Shangazi mshonaji anakusalimu sana, na dobi pia, ingawa shati bado linamuuma. Mungu akulinde, akupe na moyo wa kukiri kosa.

Jambo moja la mwisho. Mama anaamini mbwa ni wa fundi, sijamwambia habari ya kadi. Jana alinishika mkono akasema, "Mwandikie mdogo wako. Yeye hawezi kukubali nionewe."

Basi nimekuandikia. Mama simu hasikii, kwa hiyo mwandikie wewe, umwambie mbwa ni wa nani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Dada Mkubwa