Springi Nilikata Mimi, Lawama Nikamtwika Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaumbuka. Mimi ni kinyozi, nina gari dogo, na kwa kupenda sifa nilimpelekea fundi akate springi zote nne ili lilale chini, mke wangu nikamwambia nimebadilisha matairi tu, na nikiwa peke yangu linateleza raha mustarehe. Balaa likaanza tulipokuwa tukimpeleka mama mkwe kliniki ya goti kila Jumanne, yeye ni mkunga mstaafu, mwili anao, anakaa nyuma na shemeji, mke wangu mbele, na kila tuta chini kunalia krrr! mpaka watu wanageuka. Wiki iliyopita tuta la mbele ya shule likapasua bakuli la oili chini ya injini, oili ikamwagika njia nzima, mke wangu akauliza, "Baba watoto, hili gari lina nini?" Nikaropoka, "Gari halina kitu, ni mama, mzito." Nilidhani hasikii. Akafungua mlango taratibu, akashika mkongojo wake, akasema, "Mwanangu, nisikuharibie gari. Nitatembea." Jumanne hii ametembea kweli, kilomita mbili na goti bovu, mke wangu haniongeleshi, nami siwezi kumtazama mama usoni. Nimnunulie zawadi, au nikaushe mpaka yapite?

Kinyozi Mwoga

Kinyozi, pole utapata, ila ya kwanza ni ya goti la mama. Mwanamke aliyepokea watoto wa watu maisha yake yote, wewe unamtwika kosa la msumeno!

Sikiliza. Gari dogo la kawaida hutoka kiwandani na kama sentimita kumi na tano kati ya tumbo lake na barabara. Wewe kwa kukata springi umelishusha kama sentimita nne. Wakiingia watu wanne, hata wawe wembamba kama sindano, linashuka nyingine tatu au nne. Zimebaki saba au nane, na tuta lina kumi. Mama anaingiaje hapo? Tena springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake kwenye kona, na siku hiyo hutalia oili tu.

Kesho tafuta fundi mwingine, akufungie springi nne mpya za kimo cha kiwandani. Akikushauri kuziinua hizo zilizokatwa kwa vipande vya mpira, ondoka. Jaza matairi upepo, pakia watu, ndipo upime kwa rula kutoka ardhini hadi chuma kilicho chini kabisa, maana gari tupu halisemi ukweli. Na breki ufunge kabla ya tuta. Ukifunga juu yake, pua inazama.

Zawadi acha. Kukausha ndiyo usithubutu. Leo hii, kabla hujaenda kwa fundi yeyote, keti mbele ya mama, mkeo akisikia, useme: "Mama, kosa si lako. Nilikata springi kwa ajili ya sifa, nikakusingizia." Usiongeze "lakini". Akinyamaza, nyamaza naye. Na Jumanne gari lisipokuwa tayari, kodi teksi, umfungulie mlango kwa mkono wako mwenyewe.