Maua ya Kahawa kwa Mkaguzi wa Hesabu

Esta wangu,

Huku Iyula mvua za kwanza zimenyesha na kahawa imechanua. Shamba zima ni jeupe, na harufu yake tamu imenifanya nitamani ungekuwepo.

Aliyenileta ni Mzee Salimu, mwenye kampuni ya malori kule Tunduma ninayoikagua hesabu. Mwaka huu kampuni imepata hasara. Hasara hiyo itampunguzia kodi siku akipata faida, kwa hiyo anataka nafuu hiyo yote niihesabu sasa kuwa mali ya kampuni. Nikamwambia nahitaji ushahidi kwamba faida itakuja, la sivyo lazima niipunguze thamani. Basi akanipakia kwenye lori mpaka huku.

“Ushahidi huu hapa, bwana mkaguzi! Buni yote hii itabebwa na nani kama si mimi?”

Mama mwenye shamba alikuwa anatumenyea magimbi ya moto, akacheka. “Maua siyo buni, baba. Mvua ya mawe ikipita, mtabeba majani.”

Ile nafuu nimeikata nusu. Mzee ameninunia, lakini magimbi tumekula sahani moja.

Esta, siku ile kituoni uliniuliza kama tuzigawe zile nguo ndogo za mtoto wetu ambaye hakujaliwa kuishi. Basi likaondoka sijakujibu. Usigawe hata soksi; atakuja mwingine wa kuzivaa. Hapo sidai ushahidi, wala sikati kitu.

Jifunike vizuri, mke wangu.

Yohana wako