Kichuguu na Friji

4 Februari

Kwa binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumai u mzima wa afya huko uliko. Sisi huku hatujambo, ila uzee tu, na huo hauna dawa. Mama yako anakusalimu. Yuko nyuma yangu hapa, ananiambia niandike herufi kubwa ili usome vizuri, utadhani wewe ndiye mzee.

Juzi ulipopiga simu nilisikia nusu. Masikio yangu yameliwa na kelele za ekzosi, wajua. Nilichokamata ni kwamba hapo kazini kwenu limeletwa gari jipya la spoti, la umeme, na wewe ndiye unayelitoa yadi na kukaa na wateja wanapolijaribu. Basi niandikie. Karatasi sihitaji kuisikia.

Ila sitaki spidi. Spidi imeandikwa kwenye vipeperushi, na yeyote anayejua kusoma atanisomea. Nataka unisimulie linavyojisikia. Usukani unasemaje? Breki inakamata mapema au inachelewa? Umelikanyaga peku, au umeshakuwa mtu wa viatu? Hapa gereji sheria ni ile ile: anayepanda Kichuguu anaacha viatu nje. Kiatu ni ukuta kati ya mtu na gari. Hivyo ndivyo nilivyokufundisha, tena miguu yako ikiwa haijafika vizuri kwenye pedali, nikakuwekea mto mgongoni.

Ukimaliza la kwako, nami nitaandika la Kichuguu, tuyashindanishe. Kichuguu ni zee, viti viwili, limekaa chini mpaka ukiliona barabarani kwa mbali unadhani mchwa wamejenga. Jina ulilipa wewe mwenyewe. Lakini nililiunda upya kwa mikono hii, na silioni gari la umeme likilishinda. Gari la umeme ni friji lenye matairi.

Nasubiri.

Baba yako

27 Februari

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama, maana najua unasomea begani kwake.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Si uchovu wa kuumwa. Ni ule wa kuamka ukakuta mwili umeshatangulia kuchoka. Kutwa nakaa kiti cha abiria na watu nisiowajua, wanaotaka kujua kama gari litawatisha. Likiwatisha wanacheka. Mimi natabasamu, ndiyo kazi. Nikirudi chumbani navua sare, nakaa kitandani nautazama ukuta, halafu nakumbuka sijala.

Haya, Friji. Jina limeshika, hata mwenzangu wa yadi analiita hivyo sasa. Nililikanyaga peku, Baba, usiwe na wasiwasi. Bosi alinikuta, akaniuliza kama viatu vya kazi vinanibana. Nikasema ndiyo, vinabana sana.

Unaingia, unasubiri liwake, kumbe limeshawaka zamani. Ukikanyaga pedali ya mafuta (mafuta hayamo, lakini mguu haujui hilo) linaondoka kabla hujamaliza kuamua. Shingo inabaki nyuma, na tumbo nalo linabaki. Wateja wengi hapo ndipo wanapopiga kelele. Lakini unyayo hauambiwi kitu. Pedali ni laini toka juu mpaka chini, huwezi kujua umefika wapi. Usukani ni mwepesi mno, na shimo likipita chini unalisikia kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Kona linakata vizuri ajabu. Haliyumbi, halilalamiki, na ukiachia pedali linajifunga breki lenyewe. Mguu mmoja unafanya kazi siku nzima na wa pili umekaa bure. Unashuka hujui kama wewe ndiye uliyeendesha.

Kichuguu nalikumbuka tofauti kabisa. Klachi ngumu mpaka goti linatetemeka kwenye foleni. Usukani unakupigania, ukizembea unakunyang'anya mikono. Na ile sakafu! Ekzosi inapita chini yake, na baada ya nusu saa unaanza kuinua vidole kimoja kimoja. Siku ile nililia, ukaniambia, "Vizuri, maana yake uko macho." Hukuwa na huruma hata chembe.

Nikisema kwa haki, Friji ni bora. Linakwenda kasi zaidi, linasimama haraka zaidi, halimchoshi mtu. Ila silipendi, na sijui kwa nini. Labda kwa sababu halinihitaji. Sasa zamu yako, niambie Kichuguu linaendeleaje.

Binti yako

19 Machi

Kwa binti yangu,

Salamu nyingi baada ya kupokea barua yako. Sisi wazima, na tunaomba nawe uwe hivyo hivyo. Nimekusoma vizuri. Hapo kwenye pedali umenifurahisha, nikamsomea fundi wangu mkubwa, tukacheka wote.

Jumapili nililitoa Kichuguu kwa ajili yako. Nikavua viatu, nikapita barabara ile ya kuzunguka kiwanda cha matofali, yenye kona nyingi. Nakuletea habari njema: Kichuguu limeacha ukali. Klachi imelainika mpaka hujui umeikanyaga au bado. Na sakafu ndiyo usiseme! Nimeendesha toka asubuhi mpaka jua la utosini, haichomi hata kidogo. Na wala sijabadilisha kitu. Sijagusa ekzosi, sijagusa sakafu. Gari limezeeka, limetulia lenyewe, kama mimi.

Breki tu ndiyo imeanza utoto. Wakati wa kuingia gereji nilikanyaga, ikawa kama haikukamata, na ukuta wa lango ukanisogelea. Bampa limepinda, taa moja imekufa. Fundi akaipima breki, akasema ni nzima kabisa. Naye huyo macho yameanza kumwisha.

Mama yako kama kawaida hataki kupanda. Tangu tuoane amelipanda mara mbili, na ya pili alishuka njiani akamalizia kwa miguu. Anasema heri punda, angalau punda naye anaogopa kufa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Friji lako haliongei na mguu kwa sababu halina la kusema. Kichuguu siku hizi haliongei sana kwa sababu tumeshaelewana. Kichuguu limeshinda. Ukipinga, leta hoja.

Baba yako

6 Aprili

Shikamoo Baba.

Natumai barua hii inakukuta salama. Naomba uisome peke yako kwanza.

Ya kwako nimeisoma kazini, kwenye kiti cha abiria, mteja akidhani nasoma maelekezo ya gari. Mwanzoni nilicheka. Nilipofika kwenye sakafu nikaacha kucheka.

Baba, gari halipoi kwa uzee. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Ekzosi ni ile ile na bati ni lile lile, na umesema hukugusa kitu. Bati lile linachoma. Kama halikuchomi wewe, basi kilichobadilika si bati. Klachi nayo haiwezi kulainika yenyewe. Ikichakaa inateleza, gari linakosa nguvu, na ungeshaniandikia umeibadilisha. Na breki ni nzima kama fundi alivyosema, macho yake hayana shida. Nadhani mguu wako haukujua umekanyaga pedali ipi.

Una sukari tangu niko shule. Daktari alikwambia miguu iangaliwe kila siku, nilikuwepo, nilikuwa nimekushikia kofia. Kuna siku hata moja umeiangalia? Tafadhali chukua kioo chako cha kunyolea, kiweke chini, utazame nyayo. Fanya hivyo kabla hujaikunja barua hii. Na ufunguo mpe Mama. Pale langoni watoto wa majirani wanacheza kutwa nzima. Safari hii ulikutana na ukuta.

Naogopa, Baba. Nimechoka na nipo mbali na naogopa, na siwezi kuja kukushika mkono. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kama nimevuka mpaka, nisamehe, lakini heri unikasirikie ukiwa mzima.

Binti yako

25 Aprili

Binti,

Salamu. Wazima.

Barua nimeipata. Sikumbuki kukulea uwe daktari. Nimeanza kuendesha kabla mama yako hajalijua jina langu, na sijawahi kumgusa mtu barabarani. Miguu ni yangu na ufunguo ni wangu. Ukishinda na magari yanayojifunga breki yenyewe, utadhani kila mtu amekufa ganzi.

Usiniandikie tena habari za magari.

Baba yako

17 Mei

Shikamoo Baba.

Natumai hamjambo. Umenikataza magari, basi sitayataja. Lakini hukusema kama ulitazama.

Jana nilimpigia Mama. Nilimuuliza jambo moja tu, miguu ya Baba ikoje. Akasema hajaiona kwa muda mrefu. Kwamba unalala na soksi, joto hili lote. Kwamba ukioga unafunga mlango kwa ndani, wewe ambaye maisha yako yote umeoga ukiimba mlango wazi mpaka majirani wanalalamika. Alidhani ni mambo ya uzee tu.

Basi nimemwambia. Sakafu, klachi, ukuta, yote. Sikukuomba ruhusa. Ukiniita msaliti nitaitika. Nimeomba likizo nije, wameniambia nisubiri mpaka mtu wa kushika nafasi yangu apatikane, na hapa mtu hapatikani haraka.

Binti yako

11 Juni

Shikamoo Baba.

Pole sana. Mama ameniambia uko hospitali, uko hai, na mengine utaniandikia mwenyewe kwa sababu umemkataza kusema. Namjua, akikatazwa hasemi. Kwa hiyo nasubiri.

Leo nililirudisha gari yadi, nikabaki nimekaa ndani yake, limezimwa, mikono bado iko kwenye usukani. Mlinzi akaja kugonga kioo, akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama. Likizo bado.

Nijibu, Baba, hata neno moja. Hata ukinitukana nitashukuru.

Binti yako

9 Julai

Kwa binti yangu,

Pokea salamu za baba yako. Nimesharudi nyumbani. Mwandiko umepinda kwa sababu naandika nimelala, mguu umepandishwa juu ya mito mitatu na mama yako ananilinda nisiushushe. Hajambo. Amekonda kidogo.

Nilitazama. Siku ile ile niliyopata barua yako niliweka kioo chini nikatazama. Unyayo wa kulia ulikuwa na kidonda cheusi, kikubwa kuliko kifuniko cha chupa, na mimi nilikuwa nikitembea juu yake kama hakipo. Nikakifuta, nikavaa soksi, nikakaa mezani nikakuandikia ile barua mbaya. Sijui nikuelezeje. Nilikuwa na hofu, na mwenye hofu hubweka.

Mama yako alinivua soksi mchana, nimesinzia kwenye kiti, siku ya pili baada ya simu yako. Sikuhisi kitu. Nilichoamkia ni kilio chake. Hapo hapo akaita teksi, mimi bado nabisha, akaniambia, "Leo utabishana na dereva." Hospitali wamenikata vidole viwili na kukwangua sehemu ya unyayo. Daktari alisema tungechelewa kidogo, wangekata kutoka gotini. Alikuwa ananidunga sindano huku na huku akiuliza, unahisi hapa? Na hapa? Nikawa namtazama usoni ili nibahatishe. Nikasema ndiyo wakati hajagusa. Hakucheka, aliandika tu.

Mguu umebaki, basi. Huo mmeuokoa wewe na mama yako, mimi niliutetea vibaya. Na kuendesha ndiyo imekwisha. Daktari amesema hata wa kushoto unafuata njia hiyo hiyo, hautaweza kuaminiwa kwenye pedali. Ufunguo anao mama yako. Sikumpa. Aliuchukua kwenye mfuko wa suruali yangu kule wodini, akanionyesha, akautia kwenye pochi. Kichuguu limefunikwa turubai. Nililia, heri nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Nililia kweli kweli. Mama yako akanishika miguu yote miwili, nami nilikuwa namwona tu akiishika.

Sasa nikwambie nilichokuwa naogopa. Mguu hata sikuufikiria. Wewe na mimi, toka ukiwa mdogo, hatujawahi kuzungumza kitu kisicho na matairi. Mama yako ndiye aliyejua unampenda nani, nani amekuudhi, lini umeumwa. Mimi nilijua unakanyagaje klachi. Nikawaza, gari likinitoka mkononi, huyu mtoto nitamwandikia nini? Ndiyo maana niliendelea kukanyaga nisichokihisi, nikakuletea habari za uongo kwamba limelainika. Ila nilikuwa naziamini, wallahi.

Kwa hiyo leo naandika bila gari, na unaona mwenyewe ninavyohangaika. Naanza kuuliza kama mtu anayejifunza.

Umechoka na nini, mwanangu? Ni kazi, ni upweke, au kuna mtu anakusumbua? Chumba chako kina dirisha? Jioni unapika au unakula baridi? Unaye hata mtu mmoja wa kukaa naye bila kutabasamu kwa lazima? Mama yako anasema majibu mengine anayo, lakini nimemkataza asiniambie. Nataka kuyapata kwako.

Niandikie marefu. Sina pa kwenda.

Baba yako