Imejaribiwa Hadi

Jumatatu, 3 Machi
Toleo jipya la mfumo mkuu wa kuendeshea tovuti limetoka. Furaha ya wengine, kisirani changu. Plagini yetu ya miadi — ile ambayo zahanati huiweka kwenye tovuti zao ili wagonjwa wachague siku ya kuja — sasa ina bango la njano juu yake: haijajaribiwa na toleo hili. Kazi yangu ni kuliondoa hilo bango. Unafungua faili, unatafuta mstari wa "Imejaribiwa hadi", unapandisha namba, basi. Dakika moja, na chai bado ya moto.

Kujaribu kwenyewe ndiko kunakochukua siku tatu. Na tangu mwaka jana sijajaribu kitu. Shemeji, ambaye ndiye bosi, alisema hakuna muda, pandisha tu. Nikapandisha. Mara tatu! Hakuna aliyelalamika, nikajiona mjanja.

Jumanne, 4 Machi
Mkunga kaandika tena. Sijawahi kumwona. Ana zahanati ndogo, na humo yeye ndiye mkunga, karani na fundi wa tovuti. Anasema mambo ya kompyuta hayajui hata kidogo, yeye huangalia mstari wetu tu: nikiandika imejaribiwa, anabonyeza kuweka toleo jipya. Sasa bango linamtisha, anauliza itakuwa lini. Ameniita mwanangu.

Nimeona aibu mpaka masikioni. Safari hii najaribu. Kweli kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Afadhali nisingejaribu.

Miadi inaruka siku! Unampangia mtu Jumanne, ujumbe unamfikia kwenye simu unasema Jumatano. Nimerudia mara sita. Nimefuta kila kitu, nimeanza upya — Jumatano. Na si miadi yote, ni ile ya kujirudia kila wiki tu. Yaani ile ile ya wajawazito wenye presha.

Nilimwambia Shemeji mchana mezani. Hakuacha hata kutafuna. Mteja mkubwa anakuja Jumatatu kusaini, hawezi kukuta bango la njano. Tutarekebisha baadaye, namba ipande sasa. Nikasema sipandishi. Dada akawa anaangalia sahani yake.

Hii ndiyo raha ya kuajiriwa na mume wa dada yako, ofisi humo humo nyumbani kwao, na kulala chumba chao cha nyuma. Ukigombana na bosi ofisini, unamkuta sebuleni. Ukiacha kazi, beba na godoro.

Ijumaa, 7 Machi
Bango halipo. Sikuligusa mimi!

Mstari unasema imejaribiwa. Chini yake jina langu, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Saa hiyo nilikuwa bafuni na povu kichwani. Shemeji anayo nywila yangu, yeye ndiye aliyenifungulia akaunti. Nikataka kurudisha namba ya zamani — nywila imeshabadilishwa. Nikamfuata. Anasema niache utoto. Zile tatu za nyuma nilizipandisha mwenyewe, mbona sikulia?

Nikageuka, nikarudi mezani kwangu.

Jumamosi, 8 Machi
Dada kanifuata nyuma nikianika nguo. Anajua kila kitu. Anasema mkataba huu ukiponyoka, basi nyumba hii — hakumalizia. Akaniomba nivumilie wiki moja tu, kwa ajili yake.

Huyu ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Hajawahi kuniomba kitu. Angenitukana ningejua la kufanya. Nikasema sawa, dada. Nikaendelea kuanika.

Jumapili, 9 Machi
Nimeshinda chumbani. Dirisha langu linatazama tanki la maji la jirani. Nimelitazama.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika haraka. Mkunga kaleta ujumbe asubuhi: ameona nimeandika imejaribiwa, ananishukuru, atabonyeza saa nne akimaliza kuwapima akina mama. Nimeusoma saa tatu na nusu!

Nimemjibu kwa barua pepe yangu binafsi. Mama, usibonyeze. Imejaribiwa, ndiyo, na imeshindwa. Siku zitaruka. Baki na toleo ulilonalo, na tafadhali usimwambie mtu kwamba nimekwambia. Nikatuma kabla sijapata akili ya kuogopa. Dada nimeshamvunjia ahadi, siku mbili tu.

Saa tatu na dakika arobaini, kimya. Hamsini, kimya. Shemeji anapita koridoni akipiga mluzi.

Saa nne kasoro mbili — kajibu. Hajabonyeza! Nimesema asante kwa sauti, peke yangu, kama mwehu.

Halafu nikasoma mpaka chini. Ana swali moja. Anasema mwaka jana, mwezi wa kumi, mama mmoja mwenye presha alikuja siku moja baada ya miadi yake. Alishika simu mkononi, akawa anaapa kwamba ujumbe ndivyo ulivyosema. Mkunga hakumwamini. Alimkaripia mbele ya foleni nzima, akamwita mzembe. Yule mama aliondoka na hakurudi tena, na mpaka leo hajui alijifungulia wapi, wala kama alijifungua salama. Kisha ameandika: "Lile toleo la mwezi wa kumi, mwanangu, lile ulilijaribu?"

La mwezi wa kumi. Ndilo la pili katika yale matatu. Nakumbuka nilipandisha nikiwa nimesimama, nina haraka ya kutoka.

Nimeandika "Mama". Nimefuta. Nimeandika tena.

Dada anagonga. Mteja mkubwa ameshakaa sebuleni, kaja na watu wawili, wanauliza tunajaribuje matoleo yetu. Shemeji anasema nije nieleze mwenyewe, kwa kuwa jina pale ni langu.

Nimesema nakuja. Dada hajaondoka mlangoni, namsikia anavyopumua. Bado nimekaa.