Ukuta wa Miaka Mitatu

Cité Kapata, Kolwezi
14 Septemba 2023

Mdogo wangu mpendwa Rachid,

Salaam aleikum. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo unalijua. Mke wangu Rehema naye ni mzima, na ameniamuru nikusalimu kabla ya neno lingine lolote. Nawe je? Presha imeshuka? Mama Zena bado anauza mchele sokoni? Natumaini karatasi hii itawakuta nyote salama hapo Kasongo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele tu mpaka mtandao unakatika, na jambo lenyewe linataka utulivu.

Huku kiangazi kinaelekea mwisho. Vumbi la malori ya migodi limekaa juu ya kila kitu, hata majani ya sombe tunayaosha mara tatu.

Jambo ni ukuta wa bustani, ule wa matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba, uliouona ulipokuja kwenye arusi ya binti yetu. Mvua ya Februari iliangusha kipande cha mita mbili upande wa jirani yetu Josias, pale mke wake anapofulia. Bahati nzuri siku hiyo hakuwa anafua. Kilichobaki kimeinama. Josias ni mtu wa adabu. Amehamisha tu kamba ya nguo. Mvua zinaanza Oktoba, kwa hiyo ilinibidi niamue: kuziba pengo na kuuegemeza kwa nguzo, au kubomoa wote na kujenga upya.

Mimi nilitaka kuziba. Matofali bado mazima, ukiligonga moja linalia vizuri. Nikamwita fundi Hénock kutoka Dilala, baba wa watoto wanne, mtu asiye na maneno mengi. Alizunguka, akachimba kidogo chini ya ukuta kwa jembe, akasimama.

"Tata, ule maçon mwenye alijengaka huu ukuta, alikuwa na haraka ya kwenda wapi? Fondation, musingi wenyewe, hakuna, hata kidogo."

Nikamjibu kwamba aliyeujenga alikuwa mgeni hapa.

Rehema alikuwa akitwanga sombe mlangoni. Alicheka mpaka akaweka mchi chini. "Mugeni gani wa myaka makumi ine na tatu! Tata Hénock, ni ye mwenyewe alijengaka."

Aibu iliyonishika, acha tu. Kazi yangu unaijua: miaka thelathini na moja nilikuwa mwashi wa kampuni. Nimejenga nyumba za watu, zahanati, madarasa, na sikuwahi kulaza tofali juu ya udongo mtupu. Niliowafundisha walilalamika kwamba ninawaua kwa mitaro. Kwangu mwenyewe ndipo nililaza hivyo hivyo, chini. Mwaka ule wa 1980 mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, kisha narudi Kasongo. Ya nini kumwaga saruji mahali pa kupita? Mkataba ukaongezwa, nikasema nitaurekebisha likizoni. Likizo zangu nazo unajua zilivyokwenda, ukuta sikuugusa.

Hénock aliniambia nguzo mbili zitaubeba misimu miwili, labda mitatu. Kujenga upya ni mtaro wa nusu mita, mawe, saruji, halafu matofali yale yale yarudi juu. Nikamwomba siku mbili.

Siku hizo mbili sikuwaza ukuta. Niliwaza kile kiwanja changu cha huko Kasongo, nyuma ya msikiti, ambacho kila mwaka unakikatia nyasi ili nikirudi nijenge. Wakati wa Idi uliniambia kwamba Zena, mwanao, anakiomba yeye na mumewe, wamechoka kupanga, nawe umemkatalia kwa kuwa ni cha baba mkubwa. Nilikushukuru haraka haraka nikabadilisha mazungumzo.

Jumatatu nilimwambia Hénock abomoe. Nikataka kuuanza mtaro kwa mkono wangu. Rehema alinikataza, kisha akaniletea kigoda, nikachimba nimekaa kama mtu anayepanda vitunguu. Nilihuzunika, mdogo wangu, sikufichi. Niliona wazi kwamba sirudi. Wajukuu wako hapa, Rehema yuko hapa, mtoto wetu wa kwanza tulimzika hapa. Mchana nilikula vizuri kuliko wiki nzima iliyotangulia.

Kwa hiyo mpe Zena kiwanja. Mwambie ni chake kabisa, na asinipigie simu ndefu ya shukrani. Wewe usikate tena nyasi kwa ajili yangu.

Nisalimie Mama Zena, Zena na mumewe, shangazi Mwamini, na yeyote anayeuliza habari zangu. Rehema anasema mtuletee mchele wa huko mkipata mtu anayekuja. Mungu akuondolee presha, awape riziki ya halali na usingizi mzuri.

Ukipita makaburini, msomee mama yetu sura ya Fatiha kwa niaba yangu. Yeye ndiye niliyemwambia ni miaka mitatu tu, kisha narudi. Mwambie sikumdanganya. Mimi mwenyewe niliamini.

Kaka yako, mwenye kukupenda tangu ulipozaliwa,
Masudi