Nilivyomshusha Wifi Yangu Sakafuni

Jumapili, Kismayo. Upepo umetulia tangu alfajiri, jua limewaka, na mimi nina furaha ya kijinga. Nimecheka peke yangu jikoni hadi chai ikafurika. Mikono inaniuma mpaka mabegani, hata kuandika hapa ni kazi. Iume tu.

Wifi yangu yuko hai.

Wanaosoma ukurasa huu wanamjua Mwana Esha, mke wa kaka yangu, maana nimemrushia maneno humu zaidi ya mara moja. Yeye alibaki Kismayo vita vilipoanza. Mimi nilipelekwa Mombasa nikiwa msichana, nikasoma huko, nikafundisha huko, nikarudi na mvi na maoni juu ya kila kitu. Kwake yeye, aliyekimbia hana haki ya kumfundisha aliyebaki. Kwangu mimi, kubaki tu hakumfanyi mtu kuwa msemaji wa mji. Tumegombana juu ya siasa, juu ya ndoa za watoto, juu ya tui la nazi kwenye mchuzi wa pweza. Mwaka huu tunagombania nyumba ya wazee kisiwani Chovai, iliyobomoka. Mimi nataka ijengwe kwa mawe ya matumbawe na paa la makuti, kama ilivyokuwa. Yeye anataka mabati.

Alhamisi alasiri tulikuwa uani kwake na wanawake wa mtaa, tunachagua mchele wa harusi. Nilikuwa nashinda. Nasema kweli, nilikuwa nashinda. Nilimwambia mabati ni ya ghala la saruji, si ya nyumba ya watu. Akainua kidole anijibu, "Wewe uliyezoea feni za Mombasa..." na papo hapo akaanguka juu ya sinia la mchele.

Nilidhani anaigiza. Ndiyo, hilo ndilo lililonijia kwanza.

Wenzangu walikuwa wepesi kuliko mimi. Kwetu mtu mzima haachwi chini. Huinuliwa, hulazwa kitandani, hufunikwa kanga, hupepewa. Ni heshima, nami nimelelewa nayo. Nilipofika karibu alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha kamba, huyu anampepea, yule anamnyunyizia marashi, na Bi Maimuna, jirani yetu, anamsomea sikioni. Nilimtikisa mabega, nikamwita. Kimya. Kisha akatoa mkoromo mmoja, na ua mzima ukashangilia: "Anapumua! Kalala tu!"

Hakuwa amelala. Shuleni Mombasa walimu wote tulifundishwa haya: mtu mzima ameanguka, haitiki, na pumzi yake ni mkoromo wa hapa na pale kama samaki aliyetolewa majini, basi moyo umesimama. Usingoje kitu. Nikamtuma mmoja mbio zahanati ya mtaa wa nyuma, waje na mashine ya kushtua moyo. Nikaweka kiganja katikati ya kifua, mkono juu ya mkono, nikakandamiza.

Kamba zikashuka. Zikapanda. Mwana Esha akashuka na kupanda nazo kama mtoto kwenye pembea. Kifua chenyewe hakikubonyea.

"Mshusheni sakafuni!" nikapiga kelele.

Hakuna aliyesogea. Nao nawaelewa, maana walichosikia ni hasimu yake akitaka atupwe chini mbele ya watu.

"Mchu hawekwi chini kama gunia!" Bi Maimuna akanikemea kwa lafudhi ya visiwani. "Hata leo, Zena? Hata leo humwachii?"

Nimebishana maisha yangu yote, na sijawahi kuhitaji kushinda kama dakika ile. Nikamgeukia Fatma, binti yake, maana ndiye pekee ambaye wangemsikiliza.

"Fatma, sakafu ngumu ndiyo inayoweza kumrudisha mama yako. Kwenye kitanda hiki nambembeza tu."

Fatma alikitazama kitanda, akanitazama mimi. "Shangazi, ukimdhalilisha mama bure, sitakusamehe."

Kisha akashika miguu. "Mshikeni! Tumshushe!"

Tukamlaza juu ya saruji tupu. Nikakandamiza kwa nguvu na kwa haraka, karibu mara mbili kwa kila sekunde, nikikiacha kifua kiinuke kabla ya kukishusha tena. Safari hii kilibonyea. Kitu kikalia ko! chini ya kiganja changu. Sikusimama. Niliponyong'onyea, Fatma alinipokea, na mikono yake hukanda unga wa mikate ya mofa kila alfajiri. Alipochoka yeye, nikarudi mimi. Na Bi Maimuna? Alisogea miguuni, akamaliza kisomo chake, akaanza kutupigia makofi: "Haya! Haya! Haya!" Ungedhani tuko kwenye ngoma.

Muuguzi akaja na mashine, akabandika vibandiko viwili kifuani, akatufukuza pembeni. Mwili ukaruka. "Abaayo, rudi kifuani, usisimame," akaniambia, kama kaka anavyomwambia dada.

Nikarudi. Mara mkono wa Mwana Esha ukainuka, ukausukuma wangu.

Bila shaka alinisukuma. Angefanya nini kingine?

Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia harusini.

Sasa nigombane kidogo, nisije nikaonekana nimebadilika. Mnaosema haya ni mambo ya madaktari: daktari alikuwa mtaa wa nyuma, moyo ulikuwa uani. Mnaoogopa kuvunja mbavu: mbavu huunga. Usiyejua kumpulizia mtu pumzi mdomoni, kandamiza tu kifua. Na heshima ya kitanda ni nzuri sana, lakini ingoje mtu apumue kwanza.

Leo nimekwenda hospitali. Amekaa kwenye mito kama bibi harusi.

"Miaka yote ulitaka kunipiga," akaninong'oneza. "Ukangoja nizimie."

"Ukiwa macho nakuogopa, wifi."

"Sakafuni, Zena? Mbele ya Maimuna?"

"Sakafuni."

"Mlinitandikia hata mkeka?"

"Wala kanga."

Akacheka, akashika mbavu, akanilaani kwa kumchekesha, akacheka tena. Halafu akainua kidole kile kile. "Sikumaliza. Mabati..." Muuguzi wa wodi akaingia, akanifukuza kabla hajafika popote.

Njiani nikapata hoja kali: nyumba ya mabati kule Chovai ni tanuri, na moyo wake hautaki joto. Hoja hiyo haina jibu. Nimeigeuza kichwani jioni nzima kwa raha.

Lakini kesho siitumii. Alikatizwa katikati ya sentensi, na kesho ni zamu yake. Nitakaa kando ya kitanda chake nifunge mdomo mpaka afike mwisho.

Keshokutwa nitamjibu.