Picha ya Baba Ilivyomfukuza Shangazi Faida

Mpendwa mshauri Anastasie,

Naomba msaada, na ukiona nastahili matusi anza na matusi, maana nina jambo limenikaa kooni na hapa Kasongo sina wa kumwambia, kila ninayemfikiria ni ndugu yangu au mkwe wangu au mteja wetu. Baba yangu, Mzee Djamali, ana duka la vitenge karibu na soko, na tangu mwaka jana homa inampanda kila jioni, anatoka jasho, anakonda, anachechemea, tukampima malaria, tifoidi, mkojo na kila kinachopimika hapa, na kila akiulizwa panauma wapi anajibu, "Kichwa, kifua, mwili muzima." Basi tukavuka ziwa kutoka Kalemie mpaka Kigoma, tukapanda treni hadi Dar es Salaam, kwenye hospitali moja kubwa, na huko nako dokta, mwanamke kijana mwenye adabu zake, akamwuliza, "Mzee, panauma wapi hasa?" Baba akaangalia dirisha, akasema kifua.

Dokta alipochoka naye akasema ipo njia ya kutafuta bila kumwuliza mgonjwa. Wakamtia mshipani sukari yenye mionzi kidogo, akalala akatulia, kisha akapitishwa ndani ya mashine inayopiga picha ya mwili wote, na dokta akanieleza kwamba penye uvimbe wa ndani chembe za kinga zinapigana, na anayepigana anasikia njaa, kwa hiyo zinaila sukari ile kwa wingi na mahali pale panawaka kwenye picha. Mshauri, paliwaka! Na palipowaka ni, nisamehe, kule nyuma upande wa kulia, pale mtu anapokalia, ndani kabisa karibu na nyonga. Akaniuliza kama baba huchomwa sindano, nikamwambia anachomwa kila akisikia uchovu, na mtu anayeitwa Serge, sisi tunamwita dokta lakini hakusomea, anazunguka sokoni na sanduku la dawa, na baba anaamini vidonge ni vya watoto. Dokta akasema mle ndani kuna usaha, lazima papasuliwe utoke, ukiachwa utaharibu kiungo cha nyonga na baba hatatembea tena. Baba akakataa kupasuliwa mahali pale na binti wa watu, akapewa vidonge na barua ya kuonyesha hospitali ya kwetu, akadai na picha yake, tukarudi.

Sasa sikia balaa. Baba aliita ukoo mzima nyumbani, na kwa heshima akaita na wakwe zangu, wazazi wa mke wangu Latifa, kisha akabandika picha ukutani. Kuna umbo la mtu, kichwa kinawaka, moyo unawaka, kibofu kinawaka, na kule nyuma pia. Baba mdogo Atumani akashika ufito, akaanza kutusomea.

"Muone kichwa, inawaka. Mutu alitupa kitu ku kichwa. Roho nayo inawaka. Na hapa chini ya kitovu, muone, hapa njo pale walimufunga kabisa!" Akatugeukia. "Nani aligombana na yaya, mukubwa wangu huyu, juu ya shamba ya mupunga?"

Wote wakamwangalia shangazi Faida, dada yake baba, mjane, kwa sababu msimu uliopita waligombania mpaka wa shamba na alimwambia baba, "Utaniona."

"Mimi?" shangazi akasema. "Nilisema ataniona ku tribinali, mbele ya hakimu! Iko uchawi gani ku tribinali?"

Hawakumsikiliza. Na kule nyuma, kulikowaka kuliko kote, ufito wa baba mdogo ulifika pale ukaruka, wakwe wakaangalia miguu yao, mama akaangalia sufuria, na mimi niliyekuwa najua kila kitu nikaangalia miguu yangu. Shangazi akafukuzwa jioni ileile, yuko Kabambare kwa rafiki yake wa zamani. Vidonge baba aliviacha, barua ya dokta imekunjwa dukani, na Serge bado anakuja, ila siku hizi anamchoma upande wa kushoto kwa kuwa wa kulia umekuwa mgumu. Nikisema, nitakuwa nimemvua baba nguo mbele ya wakwe zangu, na nikinyamaza naona hatari, sasa mtoto aliyelelewa vizuri afanye nini?

Ni mimi Djuma, Kasongo.

*

Djuma,

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Mara ya pili sikucheka.

Tuanze na picha, kwa kuwa baba mdogo wako ameshajipa udaktari. Kichwa cha baba yako kinawaka kwa sababu ubongo wa binadamu unakula sukari usiku na mchana. Ubongo wa kila mtu, hata wa Atumani, ingawa kwa huo ningependa kuona picha kwanza. Moyo nao unafanya kazi, unakula. Kibofu kinawaka kwa sababu sukari ile yenye mionzi inatoka na mkojo. Nipitisheni mimi kesho kwenye mashine hiyo, kibofu changu kitawaka vilevile, na hapo mtamfukuza nani, mume wangu? Kwa hiyo ukoo wenu, na wakwe wakishuhudia, mmemhukumu mjane kwa ushahidi wa mkojo.

Palipokuwa na habari ni mahali pamoja tu: tako la kulia. Naam, nimeandika. Tako. Karatasi haijaungua, na mimi bado ni mke wa watu na nyanya wa watu. Baba yako amevuka ziwa, amepanda treni, wataalamu wamemwandalia dawa ya mionzi na mashine kubwa kuliko duka lake, yote hayo kutafuta kitu alichokuwa amekikalia. Angetamka neno moja mbele ya muuguzi yeyote wa Kasongo, huyo muuguzi angejua pa kuanzia.

Usidhani simhurumii. Homa ya kila jioni inavunja mtu, na mzee wa heshima kulala kifudifudi mbele ya binti mdogo si jambo jepesi. Wewe pia nakuhurumia, umebanwa. Lakini unasema hutaki kumvua baba nguo. Serge anamvua suruali kila anapokuja na sanduku lake, mbona hilo halikuaibishi? Sindano chafu sasa imehamia kushoto, na wewe umekaa unalinda adabu!

Fanya hivi. Leo Serge akija, mzuie mlangoni. Usimpige, usimtukane, mwambie sindano zimekwisha katika nyumba hii. Chukua barua ya dokta na ile picha, mpandishe baba pikipiki, na kama hawezi kuketi mtafutie gari, mpeleke kwa daktari mpasuaji hospitalini. Omba mpasuaji mwanamume, hiyo ni haki yake na hakuna atakayemcheka. Akiulizwa panauma wapi naye akaangalia dirisha, wewe nyoosha kidole. Wala asikudanganye kwamba atarudia vidonge na yatakwisha, usaha wa ndani namna hiyo unatakiwa kutolewa. Mama yako abaki naye.

Halafu uite kikao, watu walewale, ukuta uleule, wakwe walewale. Ueleze kila panapowaka na sababu yake, na ufito usiruke. Wakwe zako nao wana matako, Djuma, waliyaleta siku ile wakayakalia.

Lakini kikao kina nafasi yake, na kuna jambo lisilongoja kikao. Barua yako ni ndefu. Umeniuliza habari ya heshima ya baba, macho ya wakwe na malezi yako mazuri. Shangazi Faida yuko Kabambare na jina la mchawi, na jina hilo likimtangulia kwenye mtaa wa watu, mjane anaweza kuamshwa kwa mawe. Hukuuliza hata kama anakula. Baba akishalazwa leo, kesho asubuhi wewe uwe njiani kwenda Kabambare. Usimpelekee salamu za ukoo. Mwambie ulikuwa ndani ya chumba cha dokta, ulijua, na ulimwangalia akifukuzwa. Kisha usimame hapo nje mpaka yeye mwenyewe aseme uingie.

Anastasie